Tajiri wa Namanga

Ukivuka Namanga kutoka Kenya, gari linabaki kushoto vilevile. Kinachobadilika ni cheo cha abiria. Shilingi moja ya Kenya huzaa kama 20 za kwetu Tanzania, basi shemeji yangu Mkenya akaingiza elfu tano dirishani, akapokea laki, akaanza kutembea kama mbunge. Chipsi mayai akaagiza kwa wote. Bili ilipokuja kwa maelfu, mwendo ukarudi wa kawaida.

Mbele kidogo, kijiji chenye kibao cha 50. Shemeji, ndiye dereva, alikuwa bado anahesabu noti. Tochi ya trafiki ikamulika kutoka nyuma ya mgunga. Faini 30,000.

“Mbona nyingi hivyo?”

Nikamwambia ni kama 1,500 tu za kwao. Hakucheka hadi Arusha.