Magoti ya Mama Neema

Pale shule ya msingi Voi tulifundishwa kwamba 50 na 40 na 20 na 10 ni 120. Mwalimu alishika mwanzi, na jibu halikubadilika hata siku moja. Serikali ya Marekani inasema ni 80.

Namba zenyewe ni mwili wa mke wangu. Kipandauso asilimia 50, mgongo 40, goti la kushoto 20, masikio yanayovuma usiku kucha 10. Vyote alivipata jeshini, vimepimwa na kupigwa muhuri. Lakini ulemavu wa askari haujumlishwi. Ukishaharibika nusu, wanasema, umebakiwa na nusu nzima. Mgongo unakatwa kwenye hiyo nusu, goti kwenye kilichoachwa na mgongo, masikio yanaokota makombo. Inatoka 78, wanaisukuma mpaka 80, na ukarimu wao unaishia hapo. Nimepiga hesabu: ili afike 100, Mama Neema anahitaji ugonjwa mpya wa asilimia 80 peke yake. Nilipomweleza, alinitazama kuanzia kandambili mpaka upara, akasema ugonjwa huo anao humu nyumbani muda mrefu, ila hakujua kama unaweza kupelekwa kupimwa.

Mia naitaka kwa sababu ya jirani. Tunakaa Killeen, Texas, mlangoni mwa kambi iliyoitwa Fort Hood, ikageuzwa Fort Cavazos mwaka 2023, na 2025 ikarudi kuwa Fort Hood, lakini ya Hood mwingine kabisa. Texas haigusi mshahara kwa kodi ya mapato, basi fedha yake inaitafuta kwenye nyumba. Na tangu 2009 sheria ya jimbo inasema askari mstaafu aliyepimwa 100 halipi kodi ya nyumba anayokaa hata senti moja. Jirani yangu ana 100. Humwagilia majani yake huku akipiga mluzi. Aliye kati ya 70 na 99 anaondolewa dola 12,000. Si kwenye kodi, thubutu, ni kwenye thamani ya nyumba inayotozwa hiyo kodi. Kodi ikiwa asilimia 2, hapo umeokoa dola 240 kwa mwaka mzima. Baina ya 80 na 100 kuna 20 tu, lakini baina yangu na jirani kuna maelfu ya dola, ukiacha mluzi.

Mji nao unalia, tusiwe wachoyo wa ukweli. Wastaafu wamejaa Killeen, nyumba zisizolipa zimejaa, na viongozi wa mji wamekuwa wakienda Austin kuliomba jimbo liwafidie. Jimbo limefanya kama yule rafiki anayeagizia meza nzima nyama choma, bili ikija yuko msalani.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mke wangu alikula kiapo kwa nchi moja. Jeshi lilikuwa na mpango, ulioanza 2008, wa kuchukua wageni wanaoishi kihalali na wanaojua lugha zinazotakiwa, Kiswahili kikiwamo, na kuwaharakishia uraia. Walimchukua kwa ajili ya Kiswahili, wakamweka ghalani ahesabu buti kwa Kiingereza. Hilo tulilimeza. Tatizo ni kwamba aliandikishwa Minneapolis, na shukrani za nchi hii zimegawanywa kwa majimbo 50, kila jimbo na roho yake.

Neema alipopata nafasi katika chuo kikuu cha umma hapa Texas, nililala vizuri wiki nzima. Kuna sheria iitwayo Hazlewood, kwa jina la seneta wa jimbo kutoka Amarillo: askari anasamehewa karo hadi krediti 150, na asizozitumia anaweza kumpa mtoto wake. Msaada wa masomo wa serikali kuu Mama Neema aliumaliza mwenyewe akisomea uuguzi, kwa hiyo hizi krediti 150 nilizihesabu kuwa zetu kabla sijaiona fomu. Kijana wa dirishani akaomba DD-214, ile karatasi ya kuagwa jeshini ambayo mke wangu anaitunza kuliko cheti chetu cha ndoa. Akaisoma kwa kidole. Akauliza aliingilia jeshi akiwa wapi. Minnesota. Akairudisha taratibu kwa adabu ya watu wa Texas, ambayo inauma kuliko matusi. Krediti ni za aliyeingia akiwa Texas, au aliyeandika kwamba Texas ndiko kwao. Askari mmoja aliyeingilia Georgia aliwahi kulishtaki jimbo kwa jambo hilohilo. Mwaka 2015 jaji wa Houston akampa haki, mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaichukua.

Nikawageukia Minnesota. Mwaka 2022 walianza kutoa bonasi kwa waliotumikia baada ya Septemba 2001, kuanzia dola 600, sharti uwe mkazi wa Minnesota. Sisi tulishahama. Yaani kule hatupo, na huku hatukuwapo. Jimbo la jirani yao, Wisconsin, mtoto wa askari mwenye ulemavu wa asilimia 30 tu husamehewa karo hadi krediti 128, hata kama mzazi hakuingilia pale, ili mradi wamekaa miaka 5 mfululizo. Nilimpelekea Neema habari hizo njema. Akauliza kama Wisconsin kuna baridi.

Si kwamba Texas imetunyima kila kitu. Kwa kuwa amevuka asilimia 50, mke wangu amepewa leseni ya bure ya kuwinda na kuvua. Kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na mtu wa Voi, jirani ya Tsavo, akikutwa na nyama asiyoweza kuieleza hulala ndani. Leo Mama Neema ana ruhusa ya kupiga swala wa huku na bata na kuvua samaki wa mtoni na wa baharini, na ni mwanamke huyuhuyu ambaye mjusi akiingia jikoni huniita mimi. Leseni haitumiki na mume. Nimeuliza. Namba ya gari ya askari mlemavu tuliipata kwa dola 3. Penye mita ya serikali tunaegesha bure, mradi mwenyewe awe safarini. Nikitaka kwenda kinyozi mjini, inabidi nimwamshe.

Babu yangu alikuwa Keya, akaenda Burma kumpigania Mwingereza, akarudi na koti. Alilinung'unikia koti lile mpaka anaingia kaburini, kwamba mikono ilikuwa mifupi. Kwa hiyo haya ninayoyafanya ni mali ya ukoo.

Lakini kifungu kilichojadiliwa kuliko vyote kwenye familia ni cha mgane. Askari akifariki, mwenzi wake anaendelea kupata punguzo la kodi ya nyumba, ili mradi asifunge ndoa nyingine. Habari zilifika Wundanyi kwa mama mkwe, ambaye kwa kawaida husubiri apigiwe. Safari hii alipiga mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia serikali ya huko imekukataza kuoa, Mungu akimchukua binti yangu."

"Haijanikataza, mama. Ila nikioa napoteza punguzo."

"Punguzo la pesa ngapi?"

Nikamwambia dola 240, kama shilingi elfu 31 kwa mwaka. Nikasikia anamnong'oneza mtu pembeni, kisha akarudi kwenye simu.

"Hizo ni kidogo, Baba Neema. Waambie waongeze."