Viti Viwili Visivyolingana

Mama mkwe hakuipenda picha ile tangu mume wangu alipoitundika sebuleni, juu ya kabati la vyombo. "Mtoto mgonjwa ukutani, nyumba ina watoto! Huu ni uchuro." Mume wangu ni mwalimu, basi akaeleza. Hiyo ni nakala ya mchoro wa Luke Fildes, Mwingereza, ulioonyeshwa London mwaka 1891 kwa jina la "Daktari". Mwanawe Philip alifariki asubuhi ya Krismasi mwaka 1877, na Fildes hakumsahau daktari aliyemhudumia. "Ni picha ya daktari mwema, mama." Bibi akaguna, akaendelea kuchambua mchicha.

Watoto walikuwa na tafsiri yao. Jumamosi moja nikiwa jikoni napepeta mchele, nikasikia kishindo, kisha kilio. Walikuwa wameunganisha kiti cha mbao na cha plastiki, wakamlaza kitinda mimba juu yake kwa mto na khanga yangu mpya. Kaka mtu alikuwa daktari, kidevu mkononi. Dada mtu alijilaza mezani akilia kilio cha kuigiza. Kiti cha plastiki kikateleza, mgonjwa akapita katikati, paji la uso likagonga sakafu.

Bibi alifika kabla yangu. Nundu ikafungiwa barafu, mtoto akapakatwa, akanyamaza. Hapo ndipo Bibi alipoinua macho ukutani, na safari hii hakuyaondoa upesi.

"Kumbe hawana kitanda?"

Tukasogea sote. Mtoto wa pichani amelazwa juu ya viti viwili visivyolingana.

"Na mama yake si huyu hapa gizani? Mbona hamkuniambia?"

Sisi tulikuwa tumemtazama mzee mwenye ndevu kwa sababu mwanga wa taa umemwangukia yeye. Nyuma kabisa mama ameinamia meza. Baba amesimama, mkono begani kwa mkewe, macho kwa daktari. Bibi aliwahi kukesha na mtoto mwenye surua kijijini, mto umefurika, hakuna njia. Akasema baba yule anausoma uso wa daktari ili apate jibu kabla halijatamkwa. Mwalimu wangu hakuwa na la kuongeza, ila dirisha: Fildes alieleza kwamba kwa mwanga ule wa alfajiri wazazi wanaanza tena kutumaini.

"Sasa daktari mbona amekaa tu?" akauliza kaka mtu. Kwa sababu penisilini ilikuja kugunduliwa mwaka 1928. Dawa alizokuwa nazo alikwisha kuzitoa, akabaki.

Mume wangu alitaka kuiteremsha picha kwa heshima ya mama yake. Bibi akakataa, akataka ishushwe kidogo tu, awaone vizuri wale wawili. Mchoro wenyewe uko kwenye jumba la Tate, London, na aliyeuagiza ni Henry Tate, tajiri wa sukari. Ukijaliwa kuuona, anza na baba na mama gizani, ndipo umfikie daktari.