Jogoo wa Mama Mkwe

Jogoo wa zawadi hachinjwi. Sijaiona sheria hiyo imeandikwa popote, lakini jaribu kumtia sufuriani jogoo aliyeletwa na mama mkwe, halafu subiri Idi ifike. Huyu wangu alisafiri kutoka Gisenyi mjini ndani ya kikapu, miguu imefungwa kwa utepe wa kanga, amepakatwa na mama mkwe mwenyewe hadi kituo cha Mahoko, hapa kwetu Kanama. Alipofunguliwa alijikung'uta, akapanda juu ya rundo la kuni, akawika saa nane mchana. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Juu ya jogoo wa mjini kuwika shamba hawakusema neno, na mimi ndiye ninayelipia kimya chao.

"Mkwe wangu," mama aliniambia, "nyumba isiyo na jogoo haina mwenyewe." Nikampokea kwa mikono miwili. Tukamwita Sultani.

Siku hizo mitetea walikuwa saba. Wawili mdondo uliwachukua kabla mtu wa chanjo hajafika. Mmoja alinyakuliwa na mwewe mchana kweupe, Sultani akiwa palepale juu ya kuni, akitoa ukelele wa hatari uliofika mwewe akishakuwa upande wa pili wa Sebeya. Wa nne aliliwa kwa sababu mama mkwe alikuja kuangalia jogoo wake anaendeleaje, na mama mkwe halishwi maharage. Alikula paja, akamsifu Sultani kwa kunawiri, akarudi mjini. Wakabaki Madoa, Kishungi na Mweusi.

Mfugaji yeyote atakwambia jogoo mmoja anatosha mitetea 10. Wengine watasema 8, wengine watafika 12 kwa kuku wa kienyeji, ambao ni wepesi. Hesabu hiyo watu huisoma kwa upande wa jogoo tu: kama kumi anawamudu, watatu si mchezo kwake? Kweli, kwake ni mchezo. Lakini kazi iliyopaswa kugawanywa kwa migongo kumi inaangukia migongo mitatu, na Sultani hakupunguza kazi hata kidogo. Katiba ya Rwanda inatambua ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Dini yangu inafika wanne, tena kwa masharti. Sultani ana watatu na wataalamu wanasema bado ana upungufu.

Asubuhi nikifungua banda hutoka yeye kwanza, akasimama pembeni ya mlango. Mtetea wa kwanza akichungulia tu, bawa moja linashushwa mpaka ncha za manyoya zinakwaruza kucha, naye anamzunguka nusu duara kwa hatua za upande. Huo ndio uchumba wote. Kinachofuata ni kudaka manyoya ya kisogo kwa mdomo, mguu mmoja juu ya bawa hili, wa pili juu ya lile, kucha zikitafuta pa kushika, na kabla hujameza mate ameshuka, anajitikisa, anamwangalia anayefuata. Saa za alasiri ndizo mbaya zaidi. Mtetea akifanyiwa hivyo mara mojamoja, huoni alama. Watatu wakifanyiwa kutwa, kwanza kisogo kinakuwa kipara, kisha mgongo, na mashina ya manyoya yaliyovunjika yanabaki yamechomoza kwenye ngozi nyekundu. Kikwaru kikiichana ngozi hiyo, damu ikaonekana, hata mashoga zake wanaanza kumdonoa palepale.

Halafu ni mwongo. Jogoo muungwana akiona punje huita ko-ko-ko, anaiokota na kuiangusha mpaka mtetea aje aile. Sultani huita hivyo mbele ya kijiti. Nimemwona. Madoa alikuja mbio, akatazama chini, akakuta kijiti, na alipoinua kichwa alikuwa amechelewa.

Kila mmoja akatafuta pa kukimbilia. Mweusi alihamia juu ya paa la jiko. Kishungi alivuka ua akaanza kutaga kwenye gunia la viazi la mama jirani, tukaingia katika mjadala wa yai ni la mwenye kuku au la mwenye gunia, mjadala ambao mwenye gunia aliumaliza kwa kukaanga. Madoa, kipenzi cha Sultani na kwa hiyo mwenye kipara kikubwa kuliko wote, alikuja kuishi chini ya cherehani yangu. Mimi ni fundi nguo. Mteja ananyoosha mikono apimwe kifua, chini kuna kuku anamtazama kwa macho ya mtu aliyechoka na ndoa.

Ushauri ulikuja wenyewe, maana Kanama hakuna tatizo la mtu mmoja. Rafiki yangu anayefundisha biolojia alinisimulia kisa cha Calvin Coolidge, rais wa Marekani katika miaka ya 1920. Ni kisa cha mdomoni, hakuna anayeapa kwamba kilitokea. Rais na mkewe walitembelea shamba la kuku, kila mmoja kwa zamu yake. Mama akamwona jogoo kazini, akauliza hufanya hivyo mara ngapi kwa siku. Akaambiwa mara nyingi sana. "Mwambieni na rais," akasema. Rais alipofika wakamwambia. Akauliza: ni kwa mtetea yuleyule? Akajibiwa hapana, kila mara mwingine. "Basi mwambieni na mama." Wanasayansi wakalichukua jina la Coolidge wakaipa tabia hiyo ya dume kupata nguvu mpya akiona jike mgeni. Mke wangu, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha kisu hewani. "Kwa hiyo mwalimu, dawa ya asiyeshiba ni kumwongezea sahani?" Mwalimu akakumbuka kwamba ana daftari za kusahihisha.

Ushauri wa pili ulihusu ufundi wangu, nikaupenda. Kuku hushonewa kikoti: kitambaa cha kufunika mgongo, chenye vitanzi viwili vya kupitishia mabawa, ili kucha za jogoo zikwaruze nguo badala ya ngozi, na manyoya yapate nafasi ya kuota. Nilikuwa na vipande vya kitenge, cha njano chenye maua ya zambarau, vilivyobaki baada ya kushona sare ya harusi ya akina mama wa hapa jirani. Vipande vinavyobaki ni vya fundi. Kanuni hiyo inajulikana kuanzia hapa hadi Mombasa na sitaki ijadiliwe.

Mitetea walipovaa, kwanza waliganda. Kisha Mweusi akaanza kutembea kinyumenyume, akijaribu kutoka ndani ya nguo kwa upande wa nyuma. Sultani alikimbilia juu ya kuni na kuwakaripia alasiri yote. Niliiona alasiri hiyo kuwa ushindi. Kesho yake akawa ameizoea njano, lakini vikoti vilifanya kazi, vipara vikaanza kuota vinyoya, na ningekuwa hapa nawasimulia mafanikio kama si harusi yenyewe. Akina mama walitoka kwa mama jirani wamepanga mstari kuelekea barabarani, njano na zambarau, wamependeza, magari ya Musanze yakipunguza mwendo kuwatazama. Nyuma ya mstari, kwa mwendo uleule wa heshima, akatoka Kishungi aliyekuwa ametoka kutaga kwenye gunia. Njano na zambarau. Watoto ndio waliomwona kwanza. Mama jirani bado ananiletea kazi, maana fundi mzuri ni mzuri, ila hulipa kwa noti zilizochakaa kuliko zote alizonazo, na nina hakika huzitafuta.

Vikoti vikavuliwa. Nikamfunika Sultani kwa tenga ili wenzake wapumue. Akapumzika yeye, kisha saa tisa usiku akaanza kutoa taarifa kwa mtaa mzima. Nikatupia blanketi juu ya tenga, nikiamini kwamba asiyeona alfajiri hawezi kuitangaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, wangeniokoa na baridi ile: walikwisha kuwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, nao wakaendelea kuwika kwa kufuata saa iliyomo mwilini mwao. Walichapisha hayo mwaka 2013. Sultani aliwika ndani ya blanketi, kwa sauti nzito zaidi.

Basi nikaenda kuongeza sahani. Sokoni Mahoko bei ya mtetea haizungumziki sana, kwa sababu Goma iko jirani na Goma inakula kuku, mchuuzi anajua usipochukua wewe kuna atakayechukua. Nilipata wawili. Nikawafunga kamba mguuni, kama mithali inavyotaka kwa kuku mgeni, nikatarajia Madoa na wenzake wawapokee kwa vigelegele. Si wamekuja kupunguza zamu? Madoa alitoka chini ya cherehani, akawaangalia, akamdonoa wa kwanza utosini. Mweusi akashuka kutoka kwenye paa kwa ajili ya kumdonoa wa pili. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku tangu utotoni, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kuku wana ngazi ya madaraka, kila mmoja akijua anamdonoa nani na anadonolewa na nani. Mgeni huanzia chini kabisa. Kwa hiyo nikawa na wawili wanaomkimbia Sultani na pia wanawakimbia wakeze, na hesabu yenyewe imefika tano, nusu ya inayotakiwa.

Shauri likaishia kwenye umuganda, kazi yetu ya pamoja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulipomaliza kuzibua mifereji, tukakaa kwenye mkutano, na kwenye mengineyo mtu akasimama kulalamikia kelele za saa tisa. Watu wakachangia kwa moyo kuliko walivyochangia mifereji. Mmoja alitaka auzwe, mwingine alitaka aliwe, na mzee mmoja alitetea haki za Sultani kwa ufasaha ulionitia wasiwasi kuhusu nyumba yake. Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, akaninyooshea kalamu.

"Fundi, wewe unataka mayai au unataka vifaranga?"

Nikasema mayai.

"Mtetea anataga bila jogoo. Sasa huyo wa nini?"

Ningemjibuje? Alikuwa sahihi. Yai la kula halihitaji jogoo, jogoo anahitajika kwa yai la kuatamiwa siku 21. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni wa mama mkwe. Mkutano mzima ukanyamaza, wanaume wakatazama chini, na mkuu akafunga daftari.

Akapatikana mtu wa kule kwenye chai ya Pfunda, mwenye mitetea tisa na hana jogoo. Tukakubaliana Sultani aende kwa mkopo, vifaranga tugawane. Alipokelewa vizuri. Naambiwa tangu afike huko amekuwa mpole, anaita ko-ko-ko kwenye punje za kweli, na hakuna kuku mwenye kipara. Kwangu Madoa ameota manyoya na wateja wanapimwa bila shahidi.

Ila mama mkwe hupiga simu. Anasalimia wajukuu, ananisalimia mimi, halafu husema: "Hebu msogezee simu jogoo wangu nimsikie." Mke wangu alinikabidhi simu, akatoka nje kabisa. Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikawika. Mama alinyamaza kidogo.

"Mkwe wangu, huyo jogoo ana mafua. Mpeni kitunguu saumu. Idi nakuja kumwona."

Kwa hiyo msomaji, Sultani lazima arudi kabla ya Idi, na akirudi nahitaji mitetea watano wa kuongezea nilionao. Ukipita barabara ya Musanze kwenda Gisenyi, ukawa na mitetea wa kuuza, walioanza kutaga na wasio wapole sana, teremka Mahoko, uliza fundi mwenye kuku wa kitenge, utaelekezwa. Bei tutaelewana. Jogoo usiniletee, hata wa bure.