Tatu kwa Kumi

Kule Sola, mkoani Simiyu, wanyama walikuwa na desturi waliyoirithi kwa babu zao. Mvua za kwanza zikishanyesha, kipande kikubwa cha malisho upande wa mashariki kilifungwa. Hakikuwekewa waya wala mlinzi wa mshahara. Mzee Maksai, mwenye sugu ya nira shingoni, alikizunguka mara moja tu, akikojoa penye migunga ya mpakani, na kuanzia hapo kila mmoja alijua kwamba ile ni ngitili. Majani yakapanda mpaka tumboni mwa ng'ombe, kanga wakataga humo, nyuki wakarudi kwenye mizinga. Mwezi wa nane, mabua ya mtama yakishakwisha mashambani, ndipo ilipofunguliwa, tena kwa vipande: hiki leo, kile wiki ijayo, ndama na wanaonyonyesha watangulie. Aliyekamatwa ndani kabla ya siku hiyo alifikishwa dagashida, baraza la wote chini ya mkwaju, akatozwa debe moja la mtama. Mbuzi, kama mnavyowajua, walilipa madebe mengi.

Mwezi wa kwanza mwaka mmoja, ikaja kamati.

Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Heroe, mzaliwa wa Ziwa Natron, na maishani hajawahi kulima. Alichaguliwa kwa sababu aliweza kusimama kwa mguu mmoja asubuhi nzima bila kuyumba, na waliomchagua waliona hiyo ni dalili ya msimamo. Katibu alikuwa Nyani, na mkoba wake begani. Kanga wa mjini, aliyesomea takwimu, alibeba futi kamba. Watu wa Sola, namaanisha wanyama wa Sola, waliitwa kwenye semina, wakapewa fulana, kofia na soda moja moja. Posho ya kikao ilikuwa ya kamati.

"Ndugu wadau," akaanza Heroe, akibadilisha mguu, "Desemba mwaka 2022, kule Montreal, mataifa ya dunia yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030, asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari iwe imehifadhiwa. Tatu kwa kumi. Sola nayo imepangiwa tatu zake."

Bibi Punda akanyanyua sikio. "Mheshimiwa, ngitili yetu pale ni tatu kwa kumi na ushee."

Kanga akafunua daftari. "Inafunguliwa?"

"Mwezi wa nane."

"Basi haimo. Eneo linalofunguliwa halihesabiki kuwa limefungwa."

Hapo ndipo Kobe alipotoa kichwa. Kobe wa Sola ni mzee kuliko mkoa wenyewe, maana mkoa wa Simiyu umeanzishwa mwaka 2012, na yeye alikuwepo Waingereza walipokuwa wanapanga nani akate mti gani. Hana haraka ya kusema, na akianza hana haraka ya kumaliza.

"Nimeshaona kamati," akasema. "Ya kwanza ilikuja na mapanga. Tukaambiwa adui ni kichaka, kwa sababu kichaka kinafuga mbung'o, na mbung'o anaua ng'ombe na binadamu. Kikafyekwa huku Usukuma, kilima kwa kilima. Mwaka 1951 ikatangazwa Hifadhi ya Serengeti, na leo ni kilomita za mraba 14,763. Mwaka 1962 likaja Pori la Akiba Maswa. Sikatai, wanyama wa huko ni ndugu zetu. Lakini ardhi hiyo haikushuka kutoka mbinguni, mheshimiwa, kuna waliohama. Halafu 1974 ikaja operesheni ya vijiji, tukasombwa na kupangwa kwa mistari kama pamba. Ngitili zikabaki kule nyuma bila mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe mnajua mwisho wake. Miti ikaisha, upepo ukachukua udongo, ikasemwa kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Enzi hizo huku nako kulikuwa Shinyanga. Mwaka 1986 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wale walikuwa na akili kidogo. Walianza na miche, wakaleta na semina, sikatai. Kisha wakawauliza wazee: ninyi zamani mlikuwa mnafanyaje? Wazee wakasema, tulikuwa na ngitili. Wakaambiwa, basi zirudisheni, ziwe zenu. Walipoanza, zilizojulikana zilikuwa hekta kama 600. Haikupita miaka ishirini, zilizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 zawadi ikatoka Umoja wa Mataifa. Na hizo zilikuwa zinafunguliwa kiangazi."

Kanga akaangalia daftari. Daftari halikuwa na Kobe.

Kwa bahati, msimu huo Korongo alikuwepo, yule mweupe wa kutoka Ulaya, ambaye hushinda mashambani akidona viwavijeshi. Alikuja taratibu, akawaamkia wazee. "Shikamoo, mzee Maksai. Shikamoo, babu Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tueleze, hao walioanzisha habari hizi, kwao zinakwendaje?"

"Zinakwenda kwa kelele," akajibu Korongo. "Kiota changu kiko juu ya paa la zizi la mkulima, huko Poland. Mkulima anapokata majani ya mifugo, mimi namfuata nyuma nikiokota panzi na panya. Akiacha kukata, panakuwa msitu, na mimi nalala njaa. Kwa hiyo naomba mnielewe, mimi nataka uhai wa asili ulindwe kuliko wote mlio hapa, lakini pia namtaka mkulima. Umoja wa Ulaya nao una tatu kwa kumi yake. Juni mwaka 2024 wakapitisha na sheria ya kurejesha maeneo yaliyoharibika: ifikapo 2030, hatua ziwe zimechukuliwa kwenye asilimia 20 ya ardhi na bahari yao. Miezi michache kabla ya hapo wakulima walikuwa wameingia Brussels na matrekta, wakamwaga samadi na kuchoma matairi barabarani. Wengine walilia bei, wengine walilia kanuni za mazingira, wengine vyote. Na walisikilizwa. Masharti kadhaa yakalegezwa."

Wanyama wakamgeukia Mzee Maksai.

"Trekta la Sola ni mimi," akasema. "Nikifika Dodoma nitakuwa nimekonda."

Korongo akaendelea. "Kuna na habari ya mbwamwitu wa kule, si hawa wenu wenye mabaka. Miaka mingi alikuwa analindwa kwa sheria kali, na miaka mingi wachungaji walikuwa wanalalamika kwamba kondoo wanaliwa. Barua zao zilijibiwa kwa heshima. Septemba 2022, karibu na Hannover huko Ujerumani, mbwamwitu mmoja akamuua farasi mdogo, mzee wa miaka 30, jina lake Dolly. Dolly alikuwa wa familia ya Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya. Mwaka uliofuata Kamisheni ikapendekeza ulinzi wa mbwamwitu upunguzwe, na mwaka 2025 sheria ikabadilishwa. Sisemi kwamba hili limezaa lile. Nasimulia kwa kufuata tarehe tu."

Mbuzi mmoja, yule mwenye madeni mengi ya mtama, akauliza kwa sauti ya upole: "Kwa hiyo na sisi tumwombe Tembo aingie shamba la nani?"

Nyani aliacha kuandika.

Tembo alikuwepo. Alikuwa amekaa pembeni, kofia ya semina imemkaa juu ya sikio moja kama kifuniko cha chupa. Alivuka kutoka hifadhini usiku, na njiani alipita kwenye mtama wa Bibi Punda. "Mimi sina ugomvi na mtu," akasema. "Nakula nikipita. Njia hii babu yangu alipita kabla ya mtama."

"Hilo nalo ni kweli," akasema Kobe, na sharti niseme ni kweli.

"Kweli yake haijai kwenye ghala langu," akasema Bibi Punda. "Nalipwa nini?"

Nyani alifurahi, kwa kuwa hilo lilikuwa kwenye mkoba. Akatoa kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, akasoma viwango vya mwaka huo. Shamba lililo ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi: hakuna kitu. Likisogea mbele kidogo: shilingi 25,000 kwa ekari. Kadiri linavyokaa mbali zaidi, malipo yanapanda, mpaka shilingi 100,000 kwa ekari, na zisizidi ekari tano.

Bibi Punda akapiga hesabu kwa kwato. "Kwa hiyo aliye karibu na Tembo ndiye anayepata kidogo?"

"Aliye karibu hakupaswa kuwa karibu."

"Nilikuwepo kabla ya mpaka."

"Mpaka haukukuona," akasema Nyani. Nadhani hakukusudia ubaya. Alikuwa ametoka mbali na soda zilikuwa zimekwisha.

Korongo akajaribu mara ya mwisho. Akamwomba Nyani asome lile azimio la Montreal lote, kwa sababu yeye alikuwa amelisikia likisomwa, na katika shabaha hiyohiyo ya asilimia 30 imeandikwa kwamba haki za wenyeji na za jamii za mahali zitambuliwe na kuheshimiwa. Nyani akatoa karatasi. Alikuwa ameikunja hapo hapo, na mkunjo ulishachakaa, maandishi yamefutika.

Jioni Heroe akaleta suluhu, na kwa suluhu hiyo alipigiwa makofi na kamati. Ngitili ya Sola itahesabiwa, kwa sharti moja dogo: isifunguliwe tena. Zikasimikwa bikoni za saruji pande zote nne na bango lenye picha ya Heroe. Korongo alipoona saruji akasema safari ya kaskazini inakaribia, akaanza kujiandaa.

Mwezi wa nane ukafika. Mabua yakaisha. Ng'ombe wakasimama nje ya bikoni wakiangalia majani makavu yaliyofika tumboni mwao, yakivunjika yenyewe kwa uzee. Mchwa waliyala bila kibali. Ndama watatu walikufa katika wiki moja, na Mzee Maksai aliyezoea kulima na mwenzake alilima peke yake. Lakini kilichoniuma zaidi mimi msimuliaji si hicho. Zamani Bibi Punda alilala sikio moja limeelekea ngitili. Kijiti kikivunjika tu usiku, alilia, na Sola yote ikaamka. Mwaka ule alilala masikio yote mawili. Nungunungu wakaingia wakamenya magome ya mgunga mmoja baada ya mwingine, na aliyewasikia alijigeuza upande wa pili. Mwezi wa tisa ukaingia moto. Nani aliuwasha haijulikani. Mwaka mwingine wowote wangetoka wote na matawi mabichi, kuanzia kifaranga mpaka Kobe ambaye hufika moto ukiwa umeshazimwa. Safari hii walitoka, wakasimama, wakasema: "Hiyo ni ya kamati." Ukateketeza mpaka kwenye mizinga.

Kanga akaja na futi kamba, akapima kutoka bikoni hadi bikoni, akaandika: lengo limefikiwa, tatu kwa kumi. Bikoni hazikuungua, maana ni za saruji, na zilizokuwa zinahesabiwa ni bikoni.

Mvua za kwanza ziliponyesha tena, kamati ilirudi kwa ajili ya kupiga picha za mafanikio. Ilikuta dagashida limekaa chini ya mkwaju, na mbele ya baraza pameachwa nafasi ya mshtakiwa.

"Karibu, mheshimiwa," akasema Mzee Maksai. "Keti. Samahani, simama, ndivyo ulivyozoea. Mwezi wa kwanza uliingia kwenye ngitili iliyofungwa. Uliingia na katibu, na huyu Kanga, na mafundi wanne wa saruji. Hamkuomba ruhusa. Mbuzi akifanya hivyo tunamtoza debe moja. Ninyi ni saba."

"Lakini ni eneo la hifadhi!" akasema Heroe.

"Ndiyo maana tunatoza."

Heroe alibadilisha mguu mara mbili, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Ikajadiliwa mpaka jua likainama. Mwisho wakakubaliana hivi: kamati ikitaka kuihesabu ngitili, ihesabu, hakuna aliyekatazwa kuhesabu. Kufunga ni kwa Sola na kufungua ni kwa Sola, mwezi wa nane, kwa vipande. Shamba la Bibi Punda litalipwa kwa ukubwa wa hasara, bila kuuliza liko umbali gani, na Tembo ataachiwa ile njia ya babu yake upande wa mtoni, pasilimwe. Tembo akakubali kwa kutikisa kichwa, kofia ikaanguka.

Nyani akapekua fomu mbele na nyuma. "Hapa kuna safu ya 'limefungwa' na safu ya 'halijafungwa'. Safu ya 'wanafunga na kufungua wenyewe' haipo."

"Chora," akasema Kobe.

Nyani akachora kwa mkono, mstari umepinda kidogo. Madebe saba ya mtama yakalipwa kutoka kwenye posho, yakamiminwa mbele ya baraza, mbuzi wakishangilia kuliko wote. Nyani akachutama pembeni ya lile rundo, akatoa kitabu chake, akamwomba Bibi Punda atie kwato kwenye risiti. Bibi Punda akauliza imeandikwa nini.

"Ushirikishwaji wa jamii," akasema Nyani. "Tukiandika faini, hawaturudishii."