Vidole Vinasingiziwa

Anayejifunza makrame, ile kazi ya kufunga mafundo ya kamba mpaka yawe pambo la ukutani au la kuning'inizia chungu cha maua, huimaliza saa yake ya kwanza akiwa ameshika kitu kilichojinyonga kama muwa uliotoka kukamuliwa. Alitaka utepe bapa ulionyooka, amepata msokoto. Hapo ndipo watu wa nyumbani humtolea hukumu: una vidole vizito. Huo ni uonevu. Vidole vimefanya kazi yake barabara, tena kwa utiifu uliopita kiasi. Mkosaji ni kichwa, ambacho kilikabidhiwa jambo moja tu la kukumbuka, nalo ni zamu.

Ushahidi umo kwenye fundo lenyewe. Kamba ni nne. Mbili za kati hazina kazi, zimesimama tu kama wapambe wa bwana harusi. Zinazohangaika ni za pembeni. Ya kushoto hupita mbele ya hizo za kati, ya kulia huukanyaga mkia wake, huzunguka nyuma, kisha huchomoza katika kitanzi cha kushoto. Hiyo ni nusu ya fundo. Nusu ya pili ni yaleyale, ila huanzia kulia. Ukisahau ukaanzia kushoto tena na tena, kila nusu husukuma upande mmoja, na si muda utepe unageuza shingo kama anayeitwa kwa nyuma. Sasa, vidole vizito kweli vingetoa mafundo legelege, hili kubwa, lile dogo. Msokoto wa mwanafunzi huzunguka sawasawa, kama ngazi za mnara. Vidole vibovu havikosei kwa nidhamu namna hiyo.

Na kosa hili halikuanzia kwenye makrame. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kwa nini kamba za viatu hufunguka zenyewe mtu akitembea, na wakapambanua fundo imara na fundo dhaifu. Tofauti ni ileile: katika fundo imara nusu mbili zimekwenda pande tofauti, katika lile dhaifu zimefuata upande mmoja. Kwa hiyo mtu mzima mwenye suti na cheo anaweza kuwa anarudia kosa hili kila asubuhi, ila yeye haitwi mwenye vidole vizito. Kufunga fundo kwenyewe wala si kazi ya ujuzi. Mwaka 2007 wanasayansi wawili wa San Diego walichapisha majaribio ya kutia uzi katika kisanduku na kukizungusha. Uzi ulijifunga mafundo kwa sekunde chache, bila vidole na bila mwalimu. Usichokiweza uzi ni kupokezana zamu.

Atasimama mtu aseme: mbona msusi anasuka nywele huku akitazama tamthilia, wala hapotei? Ni kweli, lakini msusi anasaidiwa. Katika mafungu matatu ya nywele, upande wenye mafungu mawili ndio wenye zamu, na vidole huuhisi bila kuangalia. Kamba nne za makrame, kila nusu ikikamilika, hurudi mbili kwa mbili na kukutazama kama mashahidi wasioona kitu. Mwingine atadai mikono yetu haikuzoea mambo ya kigeni. Huyo amesahau susu, ile kamba iliyotundikwa jikoni ili kitoweo kikae mbali na paka. Hata jina makrame linatokana na Kiarabu, likapitia Kituruki na Kiitalia, nalo linarudi kwa wafumaji waliofunga ncha za nguo zisifumuke. Aliyevaa kikoi chenye matamvua amevaa ndugu wa makrame kiunoni.

Hoja ngumu zaidi ni ya anayesema kwamba msokoto nao ni mtindo halali. Sibishi, na hupendeza. Lakini mtindo ni ule uliokusudiwa tangu juu hadi chini. Utepe ulio bapa mpaka katikati kisha ukajinyonga, kabla ya kutubu tena karibu na chungu, huo ni maungamo yaliyotundikwa darini.

Dawa ipo, na haihusu vidole. Chukua kamba za pembeni za rangi mbili, tuseme nyekundu na nyeupe. Katika fundo bapa mkono unaoanza hubadilika, lakini kamba inayopita mbele ni ileile siku zote. Nyekundu ikianza mbele, ibaki mbele. Siku utakapoona nyeupe imepita mbele, fumua nusu moja tu, usifumue saa nzima. Na kabla ya kukata kumbuka kipimo cha mafundi: kamba huwa mara nne ya urefu wa kazi, na ikikunjwa katikati ni mara nane. Kwa susu la mita moja, kata mita nane.