Sifa za Jeneza Lenye Tanga

Jahazi lina washairi wake. Ngalawa imechorwa kwenye fulana na vikombe vya watalii, na hata mtumbwi wa kuchonga haukosi mzee wa kuutetea barazani. Chombo changu hakijapata mtu. Aliyeniuzia alijaribu kukisifu kwa kama dakika mbili hivi, maneno yakamwishia, akapunguza bei. Basi kazi hiyo nimeichukua mimi, niliyelala ndani yake miaka minne, na sina sababu ya kutia chumvi kuliko mtu yeyote aliyekwisha kulipa fedha zisizorudi.

Ni sanduku la plaiwudi la futi 26. Chini ni bapa kama ubao wa kukatia vitunguu, ubavu umesimama wima kama ukuta wa duka, omo imekatwa butu. Mlingoti mkubwa uko mbele kabisa, na kule tezi kuna kijilingoti kingine cha kukisindikiza. Mkuku hakina. Badala yake mbao mbili zinaning'inia ubavuni, moja kila upande, kama masikio ya tembo. Ukienda joshi unashusha ile ya upande wa demani ili chombo kisiteleze kando. Mbao zikiwa juu, kinazama inchi 11. Mtoto mmoja pale gatini alimuuliza mamaye kama ndani kuna maiti. Mama alimkanya, ila kabla ya kumkanya alinitazama kidogo, kana kwamba naye angependa kusikia jibu.

Niko kusini-magharibi mwa Florida, kwenye mikoko ile ambayo Wamarekani wanaiita Visiwa Elfu Kumi. Jina lenyewe limetia chumvi, visiwa ni mamia tu, lakini ukipotea humo hutakaa kuhesabu. Mimi ni mtu wa Mafia. (Nikiwaambia hivyo watu wa hapa hurudi nyuma hatua moja, kisha huuliza kwa adabu ni kisiwa gani hicho.) Nilipouona mkoko wa huku, na mizizi yake iliyojipachika topeni kama miguu ya kaa, nilijua nitakaa. Kilichobaki kilikuwa chombo cha kunifikisha ndani.

Watu wakikiona hudhani kimejengwa na mtu asiyejua. La, kimejengwa na mtu aliyeisikiliza plaiwudi. Mbao hii ukiikunja huku haikubali tena kukunjwa na kule. Ukilazimisha inapasuka na kukutolea meno. Fundi wa jahazi huingia msituni kutafuta miti iliyojipinda yenyewe, apate mataruma. Fundi wa plaiwudi huingia duka la vifaa vya ujenzi, akanunua karatasi za futi 4 kwa 8, na chombo hutoka vile karatasi zinavyotaka.

Aliyezitii karatasi hizo kuliko wote alikuwa Phil Bolger wa Gloucester, Massachusetts, aliyezaliwa 1927 na kufariki 2009. Alichora vyombo zaidi ya 600, na mabaharia wa Marekani huviita vile bapa vyake masanduku ya Bolger, wala hawasemi hivyo kwa kumsifu. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyechora Rose, merikebu ya milingoti mitatu, nakala ya manowari ya Kiingereza ya karne ya 18. Ilijengwa Nova Scotia ikaingia majini 1970, na baadaye ikaonekana kwenye filamu ya Master and Commander. Maana yake uzuri aliuweza. Aliuweza sana, kisha akakaa mezani akachora kabati. Aliyeniuzia changu aliapa kwamba nacho ni cha Bolger. Kwa maoni yangu ni cha mtu aliyemsikia Bolger kwa mbali, redio ikikwaruza.

Wala ubapa haukuanza na plaiwudi. Wavuvi wa chaza wa New Haven, Connecticut, walikuwa na mashua ndefu za tumbo bapa tangu karne ya 19, na mwaka 1886 Ralph Munroe aliileta Florida moja aliyoiita Egret, futi 28, yenye kuzama inchi 8 tu. Munroe alikuwa mtu wa nasaba na mwenye nafasi. Angeweza kununua chombo cha fahari. Lakini sehemu kubwa ya pwani hii maji yake ni ya kiunoni, na fahari haiogelei kwenye maji ya kiunoni.

Ubaya wa sura nao una faida zake, na mimi nazila kila mwezi. Mwizi hakigusi. Mwenye gati hanipandishii kodi, kwa vile anatumaini nitaondoka. Wenye mashua za faiba wakinikuta jirani huongeza maboya ya kukinga ubavu upande wangu, kwa gharama yao, nami nalala nimekingwa. Kampuni moja ya bima iliniomba picha ya chombo kabla ya kunipa bei. Nikaituma. Huu ni mwaka wa tatu hawajajibu, na kwa hiyo bima silipi.

Kuhusu mwendo wake joshi, sina la kusema. Tuendelee.

Sauti yake je? Chombo hiki kinaongea. Kikiwa safarini huinama kidogo, ile kona ya chini ya ubavu ndiyo inayokata maji, na huenda kimya hata mwenyewe nashangaa. Lakini kikitia nanga hukaa wima, na viwimbi hulikuta tumbo bapa pale omo. Pa. Kimya. Unadhani yamekwisha. Pa, pa. Ni kofi kamili, kofi la mama aliyetoka sokoni akakuta sufuria imeungua, na linatua unene wa mbao moja chini ya sikio lako. Ndiyo maana kitanda cha omo nimekiweka kiwe cha wageni. Kwetu mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Kwangu haijawahi kufika huko. Na mimi mwenyewe kofi hilo limenisomesha. Upepo ukigeuka usiku naujua kabla sijafumbua macho, na wakati wenzangu wamenunua mitambo ya kuwaamsha nanga ikiburuta, mimi sijawahi kulala kiasi cha kuhitaji kuamshwa.

Tena huoza. Wenye wivu hulitaja hili mapema, nami sikatai. Ila tazama adabu ya kuoza kwenyewe: maji ya chumvi hayaisumbui sana plaiwudi, kinachoiua ni mvua, maji matamu yanayopenya tundu la skrubu na kukaa palepale bila kuhama. Kwa hiyo chombo changu kinakuwa salama zaidi baharini kuliko uani kwa mtu. Mwaka jana nilikuwa ndani nafunga rafu, bisibisi ikaniteleza ikapiga pembe ya chini, karibu na mguu wa kitanda. Haikugonga. Iliingia. Iliingia polepole hadi mpini, kama kisu kwenye papai lililoiva, na nilipoichomoa ilitoka na unga mweusi wenye harufu ya uyoga. Nilikaa kitako nikalitazama lile tundu. Kilichonijia hakikuwa hofu, ilikuwa heshima: kwa miezi mingapi pembe ile ilikuwa imeshikiliwa na rangi peke yake, na haikulalamika?

Nilikata kipande cha ukubwa wa daftari, nikapachika kipya kwa gundi ya epoksi. Gundi hiyo ukiikoroga kikombe kizima katika joto la Florida huchemka yenyewe, ikafuka moshi na kukiyeyusha kikombe mkononi mwako. Kikombe cha pili hukoroga vijiko viwili tu, kwa unyenyekevu. Jioni kazi ilikwisha. Jirani yangu wa faiba alipopata ufa kwenye mkuku alikaa nchi kavu wiki saba, juu ya magogo, akipanda ngazi kwenda kulala.

Lakini hayo yote ni ya pembeni. Chombo hiki heshima yake hasa iko kwenye kupwelewa.

Kwetu kupwelewa si balaa. Kilindoni bamvua maji hupwa zaidi ya mita 3, na kwa saa kadhaa vyombo hukaa mchangani kama ng'ombe waliopumzika. Watu wanashusha mizigo kwa miguu, fundi anakalafati, watoto wanapita chini ya tezi kukata njia. Baharia wa hapa maji yakimwacha husema amekwama, kama gari topeni, na huona haya mpaka anazima taa asionekane. Hana kosa. Mkuku wake wa futi 6 ukigusa chini, maji yakipungua chombo kinalala ubavu, na yeye na mkewe na friji yao wanalala ubavu pamoja nacho.

Nilipokinunua nilimpigia simu mjomba, ambaye amekuwa nahodha maisha yake yote, nikamwonyesha kwa video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Zungusha nione chini." Nikazungusha. "Mkuku uko wapi?"

"Hakina, mjomba."

"Na hanamu?"

"Ndiyo hiyo, hapo palipokatwa."

Akanyamaza, nikamsikia akimwita mtu aje aone. Halafu akasema, "Umenunua kabati."

"Ni chombo, mjomba."

"Kabati. Haya, maji yakipwa unatia magadi mangapi?"

"Sitii. Kinakaa chenyewe, kama sinia."

Akanyamaza tena, safari hii kwa namna nyingine. Mjomba ametumia nusu ya umri wake akikimbizana na maji yanayopwa ili aweke magadi chombo kisilale. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza, bei yake ni kiasi gani.

Basi hivi ndivyo ninavyoishi. Maji yakijaa naingia vijito ambavyo kwenye ramani vimepakwa rangi ya nchi kavu. Nyasi za bahari nazikwepa, maana eneo kubwa la hapa liko ndani ya hifadhi ya taifa ya Everglades na kuzilima kwa rafadha au kwa mkuku ni kosa la faini. Chaza nao nawakwepa kwa sababu zangu, kwani wanakata plaiwudi kama wembe. Natafuta tope laini kwa upondo. Nikipata, nashusha nanga, nainua masikio ya tembo, naweka maji ya chai jikoni na kungoja. Huku maji hupwa kama mita moja tu, lakini chini ni tambarare, na mita hiyo moja husafiri mbali. Kwanza makofi yanapungua. Kisha chombo kinagusa kidogo, kinainuka, kinagusa tena. Kisha kinakaa, na ukimya unaingia ndani kama mtu aliyekuwa anangoja mlangoni. Chai inatulia kikombeni. Nje kaa wanatoka. Papa hawaji, mawimbi hayaji, wenye mashua za faiba hawaji. Usubi wanakuja. Sijawahi kupata namna ya kuwasifu usubi, na leo sitajaribu. Kila mtu na mzigo wake.

Huko topeni ni mara moja tu nimepata jirani. Mzee mmoja na mkewe walitia nanga maili mbili nje ghubani, kwenye kina, wakawa wanabembea huko. Jioni wakaja na kimashua cha mpira kuniuliza kama nahitaji msaada. Waliniona kwa darubini nimekaa siendi popote, wakahofu. Niliwashukuru, nikawakaribisha chai, wakaingia kwa kuinama, yule mama akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole akauliza ni kitu gani hiki. Nikamwambia plaiwudi. Akaondoa mkono.

Tulipomaliza kikombe cha pili mzee alitoka nje na kurudi. Kimashua chao kilikuwa juu ya tope, na maji yalikuwa mstari mwembamba wa fedha kule mbali, zaidi ya urefu mzima wa kiwanja cha mpira. Aliuliza yatarudi lini. Nikamwambia kwenye saa tano usiku. Basi nikabandika wali, nazi ya kopo, nikakaanga samaki wawili niliokuwa nao. Walikula vizuri. Mzee aliweka bilauri yake ya maji mezani, akaitazama kwa muda, akaigusa, akaitazama tena. Alisema wana miezi minane wanaishi kwenye mashua yao na hii ni mara ya kwanza anaweka bilauri bila kuishikilia. Mama hakusema kitu. Usubi walikuwa wamemmaliza miguu, na alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha omo, amelala fofofo, amefunikwa kanga yangu.

Saa tano kasoro niliyasikia kabla sijayaona. Pa. Kimya. Pa, pa. Mama akaketi ghafla, ameshika sikio, akauliza tumegongwa na nani. Mumewe alikwisha kuvaa viatu. Nikawamulikia tochi mpaka kimashua kikaelea, wakaagana nami kwa heshima zote, na mzee akageuka mara mbili kukitazama chombo. Nilibaki nimesimama hapo mpaka sauti ya mashine ilipopotea. Kisha nikaingia ndani, nikachukua mto wangu, nikahamia tezi.