Fundi Yuko Paje

Ukuta wangu wa jikoni hapa Mlandege umepasuka tangu masika, na fundi wangu yuko Paje. Ukimpigia anapokea, mtoto wa watu ana adabu zake: "Shikamoo mzee wangu, tunamwaga zege hapa, Jumatatu inshaallah." Jumatatu ya mwaka gani, hasemi. Simlaumu. Hoteli anayoijenga huko inamlipa kwa siku. Mimi namlipa kwa siku, kwa chai na kwa lawama.

Nikaona bora nitangulize vifaa. Mchanga. Jamani, mchanga! Kisiwa kizima kimezungukwa na mchanga, watu wanapanda ndege kuja kuulalia, lakini wa kujengea huchimbwa kwa kibali, na mashimo ya Donge na Pangatupu yameshameza mashamba. Nilipomsimamisha dereva wa gari ya mchanga na kutaja bei yangu, aliniangalia kama niliyemtukania mamake. Mzigo una mwenyewe, akasema, unakwenda Nungwi. Basi nidondoshee japo wa toroli moja? Akacheka, akatia gia, akaniachia vumbi. Vumbi halina kibali.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu kaja na greda lake siku ya kwanza.

Sina ugomvi na wageni. Mwaka 2023 waliingia zaidi ya 638,000, na nusu ya mtaa huu unakula kwa mgongo wao. Ninachouliza ni hiki: chumba cha mgeni kikijengwa, mpishi wake anajengewa wapi? Sensa ya 2012 ilitukuta Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Hao walioongezeka hawalali hotelini. Wanalala huku kwetu, mmoja juu ya mwenzake, ndiyo maana jirani yangu anapandisha ghorofa ya tatu juu ya msingi uliochimbwa kwa nia ya moja.

Ukivuka barabara tu pale Darajani, uko Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu 2000. Kule kubadilisha dirisha sharti uombe ruhusa. Na bado, ilipoinuka hoteli ya Mambo Msiige, Kamati ya Urithi wa Dunia yenyewe ilinung'unikia ukubwa wake. Nilifarijika, nilidhani kunung'unika ni kazi yangu peke yangu. Huku kwetu Ng'ambo dirisha langu nikilisukuma linagota ukuta wa jirani, wala hakuna kamati.

Majumba ya Michenzani, huku huku kwetu, watu wanayacheka, marefu na yamefanana kama matofali. Yalipojengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, nyumba za watu zilivunjwa, na si kila mtu alifurahi. Lakini aliyeyachora alijua Ng'ambo kuna watu wanaotaka kulala.

Mke wangu kachoka kunisikiliza. Kapendekeza tutundike kibao mlangoni, "Nyumba ya Wageni", tuone kama mafundi na mchanga havitakuja mbio. Kibao nishakipata, ila hatujaafikiana jina. Yeye anataka Upepo wa Bahari. Nikamwambia, mwanamke, upepo wenyewe umezuiwa na ghorofa ya jirani!

Kasema wakija kugundua, watakuwa wameshalipa.